Mpe Mgeni Jembe Siku ya Kwanza

*Hotuba kwa watu wa kujitolea wanaoanza kutembelea familia za watoto wenye uvimbe wa ubongo*

Wazazi na walezi mlioweza kufika, wauguzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliojiandikisha kujitolea: asanteni kwa kuja. Najua wapo wazazi waliotamani kuwa hapa leo wakakosa wa kumwachia mtoto. Hilo lenyewe ndilo ninalotaka kulizungumzia.

Kila kundi jipya linapoanza, swali la kwanza ninaloulizwa ni lile lile: "Tukifika pale kitandani, tuwaambie nini?" Watu huja wamejiandaa kwa maneno, na wengine wameyaandika kabisa. Jibu langu huwa fupi. Pole inatosha. Baada ya pole, nataka kujua utashika kazi gani, siku gani, saa ngapi, na utaendelea nayo hadi lini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu wodini mgeni apewe jembe siku ya kwanza, tena kabla hajakaa.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana usipoujua utajikuta unasaidia pasipohitajika.

Ukiondoa saratani ya damu, hakuna saratani inayowapata watoto wengi kuliko uvimbe wa ubongo. Si kila uvimbe ni saratani. Upo unaokua polepole, ukitolewa wote kwa upasuaji mtoto anaweza asihitaji dawa nyingine. Lakini hata huo, ukiota mahali pabaya, unaweza kuondoka na macho ya mtoto, au homoni zake, au mwendo wake, kwa sababu ndani ya fuvu hakuna nafasi ya ziada. Kwa hiyo tafadhali msimwambie mzazi "shukuru Mungu si saratani". Amekwisha kuambiwa na wengine, na anayemtazama mtoto wake akipapasa ukuta kutafuta mlango hajui ashukuru kwa lipi.

Na mara nyingi mzazi huyo amefika hospitali akiwa tayari amejihukumu. Dalili za ugonjwa huu zinafanana na mambo ya kila siku. Mtoto anaamka kichwa kinamuuma, anatapika, halafu kufika mchana yuko sawa anacheza. Anatibiwa tumbo. Jicho moja linaanza makengeza, anapimwa miwani. Anainamisha shingo upande mmoja, watu wanasema amelala vibaya. Mwalimu analalamika kwamba mwandiko umeharibika na mtoto amekuwa mvivu. Anaanza kupepesuka, na hapo ndipo mtu mmoja, mara nyingi bibi au mwalimu, anasema hapana, huyu apigwe picha ya kichwa.

Hata nchi zenye vipimo kila mahali hazikuepuka hili. Uingereza walianzisha kampeni ya HeadSmart mwaka 2011 kuwafundisha wazazi na madaktari dalili hizi. Kabla ya juhudi hizo, muda wa kati tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kujulikana ulikuwa zaidi ya wiki 14. Baadaye ulishuka hadi chini ya wiki 7. Nawatajia takwimu hizi mzijue ninyi, si ili mkazisome kitandani kwa mama wa watu. Mkikaa naye ataanza mwenyewe: "Ningemleta mapema..." Msikilizeni. Msimkatize kwa kumwambia asilie. Akiuliza kama ni chakula alichompa, au kuanguka kule uani, au kitu alichofanya akiwa na mimba, mwambieni ukweli: kwa watoto walio wengi chanzo hakijulikani, na wachache wana hali ya kurithi ambayo daktari ataieleza. Swali la "mlikuwa wapi siku zote" liacheni nyumbani kwenu.

Sasa siku zinazofuata upasuaji. Hapa wageni huharibu zaidi, na wanaharibu kwa upendo.

Uvimbe mwingi wa watoto huota sehemu ya nyuma ya ubongo, pale panapoongoza mizani ya mwili. Mojawapo unaitwa meduloblastoma. Mtoto anafanyiwa upasuaji, anaamka, anaomba maji, familia inashangilia. Siku moja au mbili baadaye anakaa kimya. Haongei kabisa. Analia bila kutamka neno, anajinyoosha, hamtazami mtu, hata kumeza kunakuwa kazi. Hali hii huwapata karibu mtoto mmoja kati ya wanne wanaofanyiwa upasuaji wa meduloblastoma. Huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Wengi hurudi kuongea, ingawa si wote wanaorudi na ulimi ule ule. Wengine huongea taratibu, kama wanavuta kila silabi.

Sasa katika hali hiyo anaingia shangazi. Ametoka mbali, amebeba matunda, anampenda mtoto huyu kweli kweli. Anainama: "Hujambo mwanangu? Hebu nipe shikamoo yangu." Kimya. "Jamani, hata shangazi humtaki?" Anamgeukia mama: "Mbona umemdekeza hivi?" Nimeisikia habari hii kwa namna nyingi, na kila mara mama ndiye anayeomba radhi. Mama anaomba radhi kwa niaba ya mtoto aliyetoka kupasuliwa kichwa!

Kazi yako ya kujitolea siku hiyo ni kusimama nje ya mlango. Mweleze shangazi kabla hajaingia: mtoto anasikia, anaelewa, ila hawezi kutoa sauti kwa sasa, msalimie, mweleze habari za nyumbani, usimdai jibu, kaa dakika kumi, ondoka. Ukifanya hivyo kwa wageni wa wiki moja, umempunguzia mama mzigo mkubwa kuliko maneno yote uliyoandaa.

Kuna na deksamethasoni. Ni dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo unaouzunguka uvimbe wenyewe, na inasaidia haraka, lakini inampa mtoto njaa isiyoisha, uso unamvimba, usingizi unapotea, hasira zinakuja bila taarifa. Mtoto aliyekuwa mpole anamrushia baba yake kikombe. Watu wanasema amenenepa, hospitali inamfaa. Wengine wanasema amekuwa mkorofi, achapwe kidogo. Hiyo ni dawa inayoongea. Mwambieni hivyo na ndugu yake mdogo, maana naye ameona kikombe kikiruka na hakuna aliyemweleza.

Baada ya hapo, kwa wengi, inafuata mionzi. Watu hudhani ni kama kupigwa picha: unaingia, unatoka. Mara nyingi ni siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 6. Mtoto anatengenezewa kinyago cha plastiki kinachobana uso wake, kisha kinafungwa kwenye kitanda ili kichwa kisicheze hata kidogo. Kila mtu anatoka chumbani. Anabaki peke yake, mzazi akimtazama kwenye skrini ng'ambo ya ukuta. Mtoto mkubwa anaweza kuzoea, hasa akiruhusiwa kukipaka kinyago rangi anazozitaka na kujifunza mapema kulala tuli. Wadogo hupewa dawa ya usingizi kila siku. Anayepewa dawa ya usingizi hatakiwi kula tangu usiku. Sasa chukua mtoto wa miaka minne, yuko kwenye ile dawa ya njaa, amka naye alfajiri, mnyime chakula hadi zamu yake ifike, na fanya hivyo wiki baada ya wiki. Baba mmoja aliniambia alikuwa anakunywa chai yake chooni, mlango umefungwa, ili mtoto asione kikombe. Wanapokuja kuniuliza mtu wa kujitolea anaweza kufanya nini, nawaambia njoo saa ile. Ile saa ya kusubiri. Chukua mtoto mtembee ukumbini mkahesabu milango, mzazi akakae mahali anywe kitu cha moto akiwa ameketi.

Mambo ya fedha nitayapita haraka, kwa kuwa mnayaona wenyewe. Mzazi mmoja huacha kazi, na yule anayebaki kazini ndiye asiyelala hospitali, kwa hiyo ndiye asiyejua kinachoendelea, na ugomvi wa nyumbani huanzia hapo. Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa saratani za watoto mwaka 2018, likiwa na lengo la kufikia angalau asilimia 60 ya watoto wanaopona ifikapo 2030, na uvimbe wa ubongo unaokua polepole ni miongoni mwa aina 6 zilizopewa kipaumbele. Mojawapo ya sababu zinazowapotezea maisha watoto katika nchi zenye kipato kidogo ni kukatisha matibabu njiani. Daktari yupo, dawa ipo, nauli haipo. Mkichangisha fedha, msisubiri ziwe nyingi. Nauli ya wiki hii ni tiba ya wiki hii.

Nikae kidogo kwa ndugu wa mgonjwa, maana hawa huwa hawana kitanda wala faili. Wanahamishiwa kwa bibi "kwa siku chache". Wanajua mengi kuliko tunavyodhani na wanaelewa vibaya mengi ya hayo. Mwingine anaamini alimsababishia mdogo wake ugonjwa kwa sababu walipigana akamsukuma. Mwingine anaona kichwa kikimuuma tu, basi na yeye anao. Anayewatembelea awaambie waziwazi: hukumpa wewe ugonjwa huu, hauambukizi, na mama hajakusahau. Halafu afuatilie daftari zao za shule. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani za watoto walichapisha viwango 15 vya huduma ya kisaikolojia na kijamii kwa familia hizi. Ndani yake kuna kuwahudumia ndugu wa mgonjwa na kupima hali ya kipato cha familia. Wameyaweka kama sehemu ya matibabu. Nafurahi kwamba imeandikwa, ingawa bibi yeyote aliyelea wajukuu wakati kama huo angeweza kuwaandikia bure.

Nataka sasa niwape mfano wa kazi niliyoitaja mwanzoni, wa mtu kushika jembe. Mwaka 1978, Uingereza, msichana mdogo aitwaye Helen, ambaye hakuwa hata na miaka 3, aligundulika kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Upasuaji uliondoa uvimbe lakini ubongo uliumia sana, akabaki hawezi kufanya lolote mwenyewe. Wazazi wake walimchukua nyumbani wakamhudumia usiku na mchana. Mtawa mmoja wa mjini Oxford, Frances Dominica, aliyekuwa pia amesomea uuguzi wa watoto, alizoea kuwatembelea. Siku moja akawauliza kama wangeweza kumwamini amchukue Helen akae naye kidogo, wao wapumzike. Wakakubali. Mtoto akawa anakwenda kukaa naye pale kwenye nyumba ya watawa kwa siku kadhaa, kisha anarudi kwao. Kutokana na mpango huo, mwaka 1982 ikafunguliwa Helen House, nyumba ya kwanza duniani iliyojengwa kwa ajili ya watoto wenye maradhi yasiyopona na familia zao. Kabla ya jengo, kabla ya wafadhili, kulikuwa na mtu mmoja aliyesema nipeni huyu mtoto, mkalale.

Wengi wenu mtakuja wakati wa upasuaji. Kila mtu huja wakati wa upasuaji. Wodi inajaa, simu za baba haziachi kuita. Mimi ninayewatafuta ni wa mwaka wa pili na wa tano.

Matibabu yakiisha, familia inafanyiwa sherehe ndogo, picha zinapigwa, watu wanasema amepona, na simu zinanyamaza. Ndani ya nyumba, kumbe, ndiyo kwanza wanaanza kuhesabu kilichobaki. Kila baada ya miezi michache kuna kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa, na siku za kusubiri majibu hakuna anayelala. Kama mtoto amewekewa mrija wa kupunguza maji kichwani, ule tunaouita shanti, kila akitapika mama anajiuliza: ni tumbo tu, au mrija umeziba, niende hospitali usiku huu? Baadhi ya dawa za saratani, kama sisplatini, hupunguza usikivu. Mionzi huweza kuzuia kukua, na mtoto akahitaji homoni za sindano. Uchovu wake haufanani na wetu. Anaweza kulala baada ya somo moja.

Na kuna jambo linalowashangaza walimu. Mtoto anarudi darasani, anafanya vizuri kiasi, wote wanapumua. Miaka inavyokwenda anaachwa nyuma. Alichokijua hajakisahau, shida ni kwamba kitu kipya kinaingia polepole, na wenzake wanakimbia. Swali linapoulizwa yeye bado anafikiri jibu, na aliyenyoosha mkono wa kwanza amekwisha kujibu. Mwalimu asiyejua historia anaandika "hajitumi". Mzazi anaenda kueleza, mwaka unaofuata mwalimu amebadilika, anaeleza tena. Tunahitaji watu wa kwenda naye kwa mwalimu mkuu, wakiwa na barua ya daktari, kuomba mambo madogo yanayowezekana: akae mbele upande wa sikio zuri, apewe muda zaidi wa mtihani, apewe maelezo yaliyoandikwa badala ya kunakili ubaoni, apumzike katikati ya siku. Tunahitaji pia watoto. Ndiyo, watoto. Mialiko ya kucheza huisha kimya kimya kwa mtoto anayejibu polepole. Kama una mtoto wa rika lake, mlete mara moja kwa mwezi, na msikose.

Mzazi mmoja aliwahi kuniambia, akiangalia chini, kwamba anamkumbuka mwanawe ilhali mwanawe yuko chumba cha pili. Aliogopa nitamwona hana shukrani. Mkisikia maneno ya namna hiyo msishtuke na msimkumbushe kwamba wapo waliopoteza. Anajua. Wamelala kitanda jirani.

Na wale wa kitanda jirani siwezi kuwaruka. Upo uvimbe unaoota ndani ya shina la ubongo, sehemu inayoendesha pumzi na kumeza, ambao hauwezi kutolewa kwa upasuaji. Mionzi hupunguza dalili kwa miezi, na watoto wengi hawamalizi mwaka tangu kugundulika. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alimpoteza binti yake Karen, mwenye miaka 2, kwa ugonjwa wa namna hii Januari 1962. Karen alipewa mionzi, na zaidi ya miaka 60 baadaye mionzi bado ndiyo msingi wa tiba ya ugonjwa huu. Baba huyo alirudi kazini mapema, na inajulikana kwamba alimzungumzia binti yake kwa nadra sana. Tunao akina baba kama hao. Anayerudi kazini mapema si kwamba ameshasahau.

Katika nyumba hizi swali zito huwa: tumwambie mtoto? Ndugu wengi husema hapana, tusimvunje moyo. Uamuzi ni wa wazazi, na timu ya hospitali iko kuwasaidia. Ninyi msiuchukue mikononi mwenu. Lakini mzijue habari hizi. Sweden, mwaka 2004, Ulrika Kreicbergs na wenzake walichapisha utafiti ambamo wazazi 429 waliofiwa na watoto kwa saratani walieleza kama walizungumza na mtoto kuhusu kifo. Wazazi 147 walikuwa wamezungumza na mtoto wao kuhusu kifo, na hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta. Na mtoto naye mara nyingi anajua. Anaona mama anavyotoka chumbani kwenda kujibu simu. Akikuuliza wewe mgeni, "Nitakufa?", usikimbie na usidanganye. Muulize ni nini kimemfanya afikirie hivyo, msikilize mpaka mwisho, kisha mwambie mzazi na muuguzi siku hiyo hiyo.

Baada ya mazishi, vile viwango nilivyovitaja vinataka mtu wa timu ya matibabu awasiliane na familia. Sisi huwa tunapiga simu. Nanyi nendeni. Mtajeni mtoto kwa jina lake, hata kama mama atalia, kwa kuwa kinachomuumiza ni watu kukwepa jina hilo mbele yake. Ndugu zake warudisheni kwenye orodha ya wa kutembelewa. Mara nyingi wanaondolewa pamoja na mgonjwa.

Nimeongea vya kutosha, na wapo wazazi wanaotakiwa kurudi wodini kabla ya zamu kubadilika. Daftari liko pale mlangoni. Limegawanywa kwa siku na saa, na safu ya mwisho inauliza utaendelea hadi mwezi gani. Ukiandika jina bila saa, tutakupigia kukuuliza saa. Jumamosi mchana imeshajaa, kama kawaida yake. Alfajiri za mionzi ziko wazi wiki nzima, na kuna familia nne zilizomaliza matibabu zamani ambazo hakuna aliyejiandikisha kwao bado. Anzeni na hizo.